Maisha yamerudi kawaida? Inategemea umeshika kipimo gani

Muulize mtu yeyote kama maisha yamerudi yalivyokuwa kabla ya korona, atakujibu papo hapo. Mmoja atacheka: korona ipi tena? Watu wanakumbatiana, viwanja vinajaa, ndege zinajaa, na barakoa zimebaki kwenye droo ya chini pamoja na chaja za simu zilizokwishakufa. Mwingine atatikisa kichwa. Huyu kazi yake ya 2019 haikurudi, au alimzika mzazi akitazama kwenye skrini ya simu, au akipanda ngazi za ghorofa moja hulazimika kukaa chini avute pumzi. Wote wawili wanasema kweli. Tatizo liko kwenye swali lenyewe, maana neno "kawaida" tumelibebesha mizigo mingi mno.

Mwaka 2021 jarida la The Economist la Uingereza lilijaribu kuumaliza mjadala huu kwa hesabu. Lilichukua nchi 50 na mambo manane: muda ambao watu hukaa nje ya nyumba zao, wateja madukani, wafanyakazi maofisini, abiria wa usafiri wa umma, msongamano wa magari, safari za ndege, mapato ya sinema na mahudhurio ya michezo. Hali ya kabla ya janga ikapewa alama 100. Aprili 2020 dunia ilikuwa imeporomoka hadi 35. Kufikia Julai 2021 ilikuwa imepanda hadi 66. Wazo zuri, na mimi nilikuwa nafungua ukurasa ule kama mtu anayekagua homa ya mgonjwa. Lakini itazame tena ile orodha. Yote manane, kwa namna moja au nyingine, yanapima jambo moja tu: watu kutoka na kwenda huku na huko.

Baada ya hapo vipimo vikaanza kuzimwa kimoja kimoja. Google iliacha kuongeza takwimu kwenye ripoti zake za mwendo wa watu tarehe 15 Oktoba 2022. Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, ambacho ramani yake yenye madoa mekundu ilitazamwa na dunia nzima, kiliacha kukusanya takwimu tarehe 10 Machi 2023. Shirika la Afya Duniani (WHO) likafuata tarehe 5 Mei mwaka huo huo kwa kutangaza kwamba dharura imekwisha. Hakuna aliyepiga kengele kusema kawaida imerudi. Walioshika futi ya kupimia waliiweka chini, wakaenda zao.

Kilichokwisha siku ile

Wengi wanaikumbuka 5 Mei 2023 kama siku korona ilipokwisha. Sivyo. Kilichoondolewa ni hadhi ya kisheria, yaani "dharura ya afya ya umma inayohusu mataifa", ambayo ilitangazwa tarehe 30 Januari 2020 chini ya Kanuni za Afya za Kimataifa. Hadhi hiyo ni king'ora: ikiwashwa, mkuu wa WHO hupata nguvu ya kutoa mapendekezo ya muda kwa nchi zote, na nchi hutakiwa kukaa macho. Lile neno zito zaidi, janga la dunia, ambalo mkuu huyo wa WHO, Tedros Adhanom Ghebreyesus, alilitamka tarehe 11 Machi 2020, halikuwa na uzito wowote wa kisheria wakati ule. Lilikuwa maelezo ya hali. Kwa hiyo hata kama tungetaka kulifuta kwa tangazo, hapakuwa na swichi ya kubonyeza. Siku alipozima king'ora Tedros mwenyewe alisema kwamba hilo halimaanishi UVIKO-19 umeacha kuwa tishio kwa afya ya dunia. Sehemu hiyo ya hotuba haikusafiri sana.

Kirusi hakikwenda popote. Kilichobadilika zaidi ni miili yetu. Mwanzoni mwa 2020 karibu hakuna mwili duniani uliokuwa umewahi kukutana nacho. Miaka mitatu baadaye watu wengi walikuwa wamechanjwa, au wameugua, au vyote viwili. Dozi zaidi ya bilioni 13 zimetolewa duniani, na Uingereza ilianza kuwachanja watu wake tarehe 8 Desemba 2020. Omikroni, aina mpya ya kirusi hicho, ilipojitokeza Novemba 2021 ilisambaa kwa kasi ambayo hatukuwahi kuiona, lakini iliikuta miili mingi imeshafundishwa. Kinga iliyojengeka hulinda vizuri zaidi dhidi ya ugonjwa mkali kuliko dhidi ya maambukizi yenyewe, na ndiyo maana mtu aliyechanjwa anaweza kuambukizwa mara ya tatu, akalala siku mbili, akaendelea na kazi zake.

Mafua makubwa ya 1918 nayo hayakuisha kwa kirusi kufa. Yaliua watu wanaokadiriwa kufika milioni 50, kisha vizazi vya kirusi kile vikaendelea kuzunguka kwa miongo mingi kama mafua ya msimu. Na hamu ya kurudi nyuma ilikuwa ile ile. Mwaka 1920 Warren Harding aliomba urais wa Marekani kwa ahadi ya kuirudisha nchi kwenye kawaida, baada ya vita na baada ya mafua. Alishinda kwa kishindo. Ila katika uchaguzi huo wanawake wa nchi nzima walipiga kura ya urais kwa mara ya kwanza, na matokeo ya usiku ule yalitangazwa na kituo cha KDKA cha Pittsburgh kwa njia ya redio, chombo ambacho wapiga kura wengi hawakuwa nacho wala hawakuwahi kukisikia. Kura ya kurudi zamani ilitangazwa na kitu kigeni kabisa.

Maji na udongo

Njia rahisi ninayoijua ya kulipangua suala hili ni kufikiria mto. Mvua kubwa ikinyesha mlimani, mto hufurika. Baada ya siku kadhaa maji hurudi ndani ya kingo zake, na mtu anayepima kina kwa fimbo atakuambia, bila kudanganya, kwamba mto umerudi kama kawaida. Udongo uliosombwa shambani ni habari nyingine. Haurudi kwa sababu tu maji yamepungua. Unaweza kujengwa upya, kwa miaka, kwa samadi na jasho, lakini haurudi wenyewe.

Maisha yetu yana mambo ya maji na mambo ya udongo. Ya maji ni yale yanayohesabiwa upya kila siku: wangapi wamepanda basi leo, wangapi wameingia dukani. Ukiyazuia yanashuka ghafla, ukiyafungulia yanapanda. Ya udongo ni yale yanayojumlishwa: elimu, akiba, deni, afya, watu tulio nao. Janga likipita, maji hurudi kwanza, nasi tunayatazama maji kwa sababu yanaonekana.

Usafiri ni mfano safi wa maji. Mwaka 2019 kulikuwa na safari za watalii wa kimataifa zipatazo bilioni 1.46. Mwaka 2020 zikapungua kwa zaidi ya asilimia 70, anguko ambalo sekta hiyo haikuwahi kuliona. Kufikia 2024 zilikuwa takriban bilioni 1.4, yaani asilimia 99 ya kiwango cha zamani. Hewa chafu nayo ni maji. Mnamo 2020 utoaji wa kaboni dioksidi itokanayo na makaa, mafuta na gesi ulipungua kwa takriban asilimia 5, watu wakapiga picha za milima iliyokuwa imefichwa na moshi, na wengine tukaamini dunia imejifunza kitu. Mwaka 2021 sehemu kubwa ya upungufu huo ilikuwa imefutika, na baada ya hapo rekodi ikavunjwa tena. Hakuna kilichorudi kawaida kwa utiifu mkubwa kuliko moshi.

Kuna namba moja ambayo ni maji lakini imevaa nguo za udongo, nayo huwapotosha hata wasomi. Kwa hesabu za Umoja wa Mataifa, wastani wa umri wa kuishi duniani ulikuwa miaka 72.6 mwaka 2019, ukashuka hadi 70.9 wakati wa janga, na 2024 ulikuwa umefika 73.3. Ukiisoma haraka utadhani hasara imefidiwa, na faida juu. Lakini hesabu hiyo huchukua viwango vya vifo vya mwaka mmoja peke yake, kisha huuliza: mtoto aliyezaliwa mwaka huu angeishi miaka mingapi kama viwango hivi vingebaki hivi hivi maisha yake yote? Vifo vikipungua, namba hupanda mara moja. Waliokufa 2020 na 2021 hawamo kwenye hesabu ya 2024, walishatoka kitabuni.

Na waliotoka ni wengi kuliko walioandikwa. WHO ilikadiria kwamba katika miaka hiyo miwili kulikuwa na vifo vya ziada milioni 14.9, wakati vifo vya korona vilivyoripotiwa rasmi katika kipindi hicho vilikuwa takriban milioni 5.4. "Vifo vya ziada" maana yake ni tofauti kati ya watu waliokufa na watu ambao, kwa mwenendo wa miaka ya nyuma, wangetarajiwa kufa. Ndani yake wamo waliouawa na kirusi bila kupimwa, pamoja na waliokufa kwa maradhi mengine kwa sababu hospitali zilikuwa zimefurika au waliogopa kwenda. Na kimahesabu hutolewa waliopona kifo kwa sababu barabara zilikuwa tupu. Ni namba ya kukadiria, lakini ndiyo iliyo karibu zaidi na ukweli kwa sababu haimwulizi mtu alikufa kwa nini. Humwuliza tu kama yupo.

Kwa nini bei hazikushuka

Hapa ndipo watu wengi huona wanadanganywa. Wanasikia kwenye taarifa ya habari kwamba mfumuko wa bei umeshuka, wanakwenda dukani, wanakuta bei ziko pale pale au zimeongezeka. Nani mwongo?

Hakuna. Mfumuko wa bei ni kasi, kama kasi ya gari. Gari lililokuwa linakwenda kilomita 120 kwa saa likipunguza mwendo hadi 40, bado linasonga mbele. Halijarudi lilikotoka. Chukua kitu ambacho bei yake ilikuwa 100. Mwaka wa kwanza kikapanda kwa asilimia 4, kikawa 104. Mwaka wa pili kwa asilimia 9, kikawa 113 na ushee. Wa tatu kwa asilimia 6, kikawa 120. Wa nne serikali inatangaza kwa furaha kwamba mfumuko umetulia, asilimia 3 tu. Kitu chako sasa ni karibu 124. Aliyetangaza utulivu yuko sahihi, na wewe unayelalamika uko sahihi pia. (Mfano huu nimeutunga, lakini hesabu yake ndiyo hiyo kila mahali.) Kwa kipimo cha Shirika la Fedha la Kimataifa, wastani wa mfumuko duniani mwaka 2022 ulikuwa kama asilimia 8.7, na umeshuka tangu hapo. Bei zenyewe hazikushuka nao.

Chanzo hakikuwa kimoja. Viwanda na bandari vilifungwa na kufunguliwa kwa zamu tofauti, makontena yakabaki upande mmoja wa dunia wakati mzigo uko upande mwingine, na vipuri vya kielektroniki vikaadimika kiasi kwamba magari mapya yalikaa yadini yakisubiri chipu. Wakati huo huo nchi zilizoweza ziligawa fedha ili watu wasife njaa wala kampuni zisifilisike, na fedha hizo zilipoanza kutumika zilikuta bidhaa chache. Februari 2022 Urusi ikaivamia Ukraini, nafaka na nishati vikapanda. Kwa hiyo mtu akisema bei hizi ni za korona, ana sehemu ya kweli mkononi. Akisema ni za vita, ana sehemu nyingine. Kinachoamua kama wewe umerudi kawaida ni jambo ambalo halimo katika taarifa ya mfumuko: kama kipato chako nacho kilipanda kutoka 100 hadi 124. Waliopandishiwa mishahara walirudi. Waliobaki na 105 wamefukarika kimyakimya, na hakuna takwimu ya mwezi ujao itakayowarudishia.

Darasa ni ngazi

Kama ningeambiwa nichague hasara moja ambayo tumeisahau mapema kuliko ilivyostahili, ningechagua shule. Aprili 2020, kwa hesabu za UNESCO, kufungwa kwa shule kuliwagusa wanafunzi zaidi ya bilioni 1.5. Baadhi walirudi baada ya wiki chache. Uganda shule zilifungwa Machi 2020 na hazikufunguliwa kwa madarasa yote hadi Januari 2022. Nyingine zilifungua, zikafunga, zikafungua tena.

Leo milango iko wazi, kengele inalia, madawati yana watu. Maji yamerudi. Lakini kujifunza ni kupanda ngazi, na kila kipandio kinasimama juu ya kile cha chini yake. Mtoto aliyekosa mwaka ambao wenzake walifundishwa kuunganisha silabi hakukosa mwaka mmoja tu. Alirudi akakuta mwalimu anafundisha kusoma kwa ufahamu, na mwaka uliofuata hisabati za maneno, ambazo huwezi kuzifanya kama husomi. Mtaala ulisogea na kalenda. Yeye hakusogea. Ndiyo maana pengo linaweza kupanuka hata baada ya shule kufunguliwa: mtoto amekaa darasani kila siku na bado anazidi kuachwa.

Benki ya Dunia na washirika wake walikadiria mwaka 2022 kwamba katika nchi za kipato cha chini na cha kati, watoto wa miaka 10 wasioweza kusoma na kuelewa maandishi mepesi walikuwa wamefika asilimia 70, kutoka 57 kabla ya janga. Nchi tajiri nazo hazikupona. Mtihani wa kimataifa wa PISA wa 2022, unaowapima vijana wa miaka 15, ulionyesha wastani wa nchi za OECD, umoja ambao wengi wa wanachama wake ni nchi tajiri, ukishuka kwa karibu alama 15 katika hisabati na 10 katika kusoma, ukilinganisha na 2018. Si haki kulipa janga lawama yote. Katika baadhi ya nchi mteremko ulikuwa umeanza miaka mingi kabla. Lakini hisabati haikuwa imewahi kuanguka hivyo kati ya mtihani mmoja na unaofuata.

Dawa yake inajulikana na haina maajabu: kuwapima watoto ili ijulikane wanajua nini hasa, kuwapanga kwa uwezo badala ya umri kwa saa kadhaa kwa siku, na kurudi nyuma kufundisha kilichorukwa. Inahitaji walimu wa ziada na kukubali hadharani kwamba mtaala wa mwaka huu hautakamilika. Hilo la pili ndilo gumu zaidi, kwa sababu kila mamlaka inataka kuonyesha kwamba mambo yamerudi kwenye ratiba. Mtoto aliyeanza darasa la kwanza 2020 akiwa na miaka 6 atafikisha 18 mwaka 2032. Mpaka hapo janga lile bado liko shuleni.

Chanjo za kawaida za watoto zilipata kishindo kidogo cha namna hiyo hiyo. Watoto waliopata dozi tatu za chanjo ya dondakoo, pepopunda na kifaduro walikuwa asilimia 86 mwaka 2019, wakashuka hadi 81 mwaka 2021. Kliniki zilifunguliwa na viwango vikapanda, lakini mtoto aliyerukwa 2021 haitwi tena mwenyewe na kalenda, lazima atafutwe. Asipotafutwa, surua itamtafuta.

Mto uliobadili njia

Kuna kundi la tatu, na hili ndilo linalofanya swali la "yamerudi au hayajarudi" lishindwe kabisa. Mto ukifurika sana, wakati mwingine haurudi kwenye njia yake. Unachimba nyingine.

Kazi za ofisini zilifanya hivyo. Marekani, ambako jambo hili limefuatiliwa kwa makini, siku za kazi zilizofanyiwa nyumbani mwaka 2019 zilikuwa karibu asilimia 7. Majira ya kuchipua ya 2020 zikapita 60. Kisha zikashuka, kila mtu akingoja zifike chini, zikagoma njiani: tangu 2023 zimekuwa zikicheza kati ya robo na asilimia 30. Wakurugenzi wametoa amri, wameweka mashine za kusoma vitambulisho mlangoni, wametoa chakula cha bure. Namba imesogea kidogo mno.

Wahenga walisema kawaida ni kama sheria, na hapa wanaweza kuazimwa kueleza uchumi. Siku tano ofisini hazikuwa zimethibitishwa na yeyote kuwa ndiyo njia bora. Zilikuwa mazoea, na mazoea hayo yalisimama kwa sababu hakuna mtu mmoja aliyethubutu kuyavunja peke yake. Janga liliwalazimisha wote kuyavunja siku moja. Kila mmoja akaona nini hasa kinaharibika na nini hakiharibiki. Vijana wapya kazini waliharibikiwa, kwa sababu ufundi mwingi hujifunzwa kwa kumtazama aliyekaa dawati la jirani. Ripoti na hesabu hazikuharibika. Wakisharudi, kila upande ulikuwa na ushahidi wake, na mapatano yakawa katikati: siku mbili au tatu ofisini, nyingine nyumbani. Majengo yakabaki na nafasi tupu. Nchini Marekani, kufikia 2024, karibu moja ya tano ya nafasi za ofisi katika miji mikubwa ilikuwa haina mpangaji, na mikahawa iliyoishi kwa wateja wa Ijumaa mchana imelazimika kuhama au kufunga.

Lakini tusisahau kwamba mjadala huu mzima ni wa watu wenye kazi zinazoingia kwenye kompyuta. Muuguzi, dereva, mpakia mizigo, fundi bomba na mwuza sokoni hawakuwahi kuulizwa wanapenda kufanya kazi wapi. Kwao mto haukubadili njia. Walikuwa ndani yake muda wote. Kilichobadilika upande wao mara nyingi ni malipo. Katika nchi za kipato cha chini na cha kati, ukiitoa China, watu wazima waliolipia manunuzi kwa kadi, simu au intaneti walipoulizwa mwaka 2021, takriban asilimia 40 walisema walianza baada ya janga kuingia. Wengi walioanza kwa kuogopa kushika noti waliendelea hata hofu ilipokwisha.

Mwili unaokumbuka

Kwa kundi moja swali hili linaudhi. Ni wale ambao korona iliondoka lakini ugonjwa ukabaki. Oktoba 2021 WHO iliipa hali hiyo ufafanuzi: dalili ambazo kwa kawaida huonekana miezi mitatu baada ya maambukizi, zikadumu walau miezi miwili, na zisiwe na sababu nyingine ya kuzieleza. Uchovu usioondoka kwa usingizi, pumzi fupi, akili kuwa na ukungu. WHO hukadiria kwamba hutokea kwa watu kama 6 katika kila 100 walioambukizwa. Ni asilimia ndogo, mpaka uizidishe na idadi ya walioambukizwa duniani, ambao ni karibu sisi sote. Hakuna kipimo kimoja cha damu cha kuuthibitisha wala kidonge kimoja cha kuutibu, na mgonjwa wake hutumia nguvu nyingi kumshawishi bosi kwamba yeye si mvivu.

Akili nazo ziliguswa. Mwaka 2022 WHO ilisema wasiwasi na sonona viliongezeka duniani kwa asilimia 25 katika mwaka wa kwanza wa janga, zaidi kwa vijana na wanawake. Na kuna jambo dogo ambalo karibu kila mtu ninayezungumza naye analikiri: hajui 2020 na 2021 vilikwenda wapi. Wanasema "mwaka jana" kwa jambo la miaka mitano iliyopita. Kumbukumbu hushikiliwa na vigingi, kama safari, harusi, msiba wenye watu, au chumba kipya. Tulikaa miezi katika chumba kile kile tukifanya jambo lile lile, vigingi vikakosekana, na kamba ya wakati ikalegea. Labda hii ndiyo sababu mojawapo ya sisi kutokubaliana kuhusu kurudi. Ni vigumu kujua umerudi kutoka mahali ambapo hukumbuki vizuri ulikuwako.

Serikali zinakumbuka kwa njia yao. Kanuni za Afya za Kimataifa zilirekebishwa Juni 2024 na sasa zina daraja jipya la tahadhari, "dharura ya janga la dunia", ili neno lile la Machi 2020 safari ijayo liwe na meno. Tarehe 20 Mei 2025, mjini Geneva, nchi wanachama wa WHO walipitisha Mkataba wa Majanga baada ya miaka mitatu ya kuvutana. Walichokiacha kwa mazungumzo ya baadaye ndicho kilichokuwa kigumu kuliko vyote: nchi inayogundua kirusi ikishatoa sampuli zake kwa ulimwengu, itapata nini katika chanjo zitakazotengenezwa kwa sampuli hizo? Aliyekumbuka foleni ya chanjo ya 2021, nani alikuwa mbele na nani alisubiri, ataelewa kwa nini kalamu iligoma hapo.

Na kuna kitu kimoja kilichokwenda na janga bila kurudi, wala hakuna aliyekililia. Kabla ya 2020 kulikuwa na koo mbili za mafua ya aina B zilizozunguka duniani kila mwaka, Victoria na Yamagata, na chanjo nyingi za mafua zilikuwa na sehemu nne: mbili za aina A, na moja kwa kila ukoo wa B. Tulipojifungia, tukafunika pua na kuacha kusafiri, mafua karibu yote yalitoweka kwa muda. Tulipofungua milango, mengine yalirudi. Yamagata haikurudi, hakuna maambukizi yake ya kawaida yaliyothibitishwa tangu Machi 2020. Septemba 2023 wataalamu wa WHO walisema hakuna haja tena ya kuiweka kwenye chanjo. Kwa hiyo mtu anayekwenda kuchomwa sindano ya mafua siku hizi, katika nchi nyingi, anapata kinga ya aina tatu badala ya nne. Anakunja mkono wa shati, anachomwa, anashusha mkono, anarudi kazini.